Vitanda Viwili Visivyosemeshana

Mimi ni mtu wa maswali. Mama husema nilizaliwa nikiuliza, na kwamba mkunga ndiye wa kwanza kunikimbia. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba siku ya kwanza bwenini niliuliza maswali kumi na moja, na nikajibiwa moja tu: choo kiko wapi.

Tulifika wawili, mimi na mtoto wa mjomba wangu. Nyumbani tulimwita Mkia, kwa sababu tangu ajue kutembea alinifuata kila nilikokwenda. Hata nilipoitwa kuchapwa alikuja akasimama nyuma yangu kungoja zamu yake, na hakuwa amekosa lolote. Tulilelewa pamoja kwa bibi. Tulipochaguliwa kwenda shule moja, tena ile waliyosoma baba zetu wote wawili, tulifurahi mpaka bibi akatutoa nje kwa kelele.

Kiranja wa bweni alikuwa kijana wa kidato cha nne mwenye sauti kubwa kuliko umri wake. Alikaa mlangoni na daftari kuukuu lililoshonwa kwa kamba ya kiatu, akatuuliza majina ya baba zetu, akapitisha kidole kwenye kurasa. Desturi ya bweni ilikuwa hivi: mtoto wa mtu aliyesoma pale hulala kitanda alicholala baba yake, na tangu siku hiyo huitwa kwa namba ya kitanda. Mimi nikawa Kumi na Nne. Mkia akawa Kumi na Tano. Tulitazamana tukacheka, maana vitanda vyenyewe vilikuwa ubavu kwa ubavu. Ukinyoosha mkono unagusa shuka la mwenzako.

"Msicheke," kiranja akasema. "Kumi na Nne na Kumi na Tano hawasemeshani."

"Wamekosana nini?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Lakini sisi hatujagombana. Huyu binamu yangu. Asubuhi hii tumekula sahani moja."

"Asubuhi hii hukuwa Kumi na Nne."

Sasa we niambie, jibu kama hilo unalijibu vipi? Nilimtazama Mkia, Mkia akanitazama mimi, na tayari wavulana thelathini walikuwa wametuzunguka kuona kama tutafungua mdomo.

Sheria tulipewa jioni ileile. Kusemeshana, hapana. Kuandikiana, hapana. Kupungiana mkono, hapana. Walituambia kwamba mwaka mmoja Kumi na Nne alimsalimu Kumi na Tano, na kabla wiki haijaisha upepo ukang'oa paa la bweni. Kipande cha bati kilihifadhiwa nyuma ya bafu kama ushahidi, na kila mgeni alipelekwa kukiona. Atakayevunja mwiko angegeuziwa mgongo na bweni zima mpaka shule ifungwe. Kukiwa na neno la lazima, lilipitia kwa Kumi na Tatu, ambaye kwa kazi hiyo aliitwa Posta. Posta aliipenda kazi yake kupita kiasi.

"Kumi na Tano anauliza kama hii sabuni ni yako," ananiambia, na Mkia yupo hapo hapo, hatua moja, anasikia.

"Mwambie ni yetu wote."

"Kumi na Nne anasema ni yenu wote."

Mkia anaitikia kwa kichwa, kwa Posta lakini, si kwangu.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba mambo haya nilikuwa nimeyazoea. Kwetu baba na mjomba hawasemeshani. Hawajapata kusemeshana tangu nipate akili. Wakikutana mezani mjomba humwambia mama, "Dada, mwambie mumeo chumvi iko mbele yake," na baba hujibu, "Mwambie kaka yako nimeiona." Hata uchumba wa baba na mama ulipita kwa mshenga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukoo ulikuwa na maelezo yake. Bibi alisema ni mbuzi aliyepotea. Shangazi alisema ni mpaka wa shamba. Jirani alisema ni mwanamke, lakini jirani yule kila kitu alisema ni mwanamke.

Basi nililala kitanda cha baba huku Mkia amelala kitanda cha mjomba, na kichwa kikanizunguka. Je, wao ndio walioanza, na bweni likafuata? Kama ndivyo, basi palikuwa na jambo zito, na mimi mtoto nani hata nilifukue? Au waliukuta ugomvi kitandani kama sisi? Kama ndivyo, mbona wametoka nao mpaka nyumbani? Kila nilipopata jibu, lilikuja na swali mgongoni. Kwa kuwa sikuelewa, niliogopa. Kwa kuwa niliogopa, nilitii.

Mkia alitii kwa namna yake. Jumamosi tukienda kufua, alikaa jiwe la nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, akanyoosha mkono bila kugeuka akachukua shati langu akalifua pamoja na lake. Hakuna sheria iliyokataza shati. Tulikaa nusu muhula namna hiyo, na nakiri kwamba nilizisubiri Jumamosi kuliko siku ya kufunga shule.

Sasa ikatokea Jumamosi moja mtu akaacha koki ya tangi wazi. Maji yote yakamwagika, na Jumapili wavulana mia nne wakaamka hawana hata ya kunawa uso. Paredini mwalimu wa zamu alikuwa na hasira ya mtu ambaye naye hajaoga. Mvulana mmoja akadai amemwona Kumi na Tano tangini saa kumi jioni.

"Sikuwa tangini, mwalimu," Mkia akasema. "Nilikuwa nafua."

"Nani alikuwa na wewe?"

Mkia hakutaja mtu. Aligeuka, akanitazama. Alinitazama wazi, mbele ya shule nzima, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Nilikuwa nimelivaa shati lenyewe. Lilikuwa bado na unyevu kwenye kola. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: alikuwa na mimi. Lakini, je, kumtetea mtu ni kumsemesha? Hilo halikuwa kwenye sheria. Nilimtafuta kiranja kwa macho aniongoze, na kiranja alikuwa anaangalia paa. Nikamtazama Posta, naye akakazana na vifungo vyake. Nikafikiri juu ya bati, nikafikiri juu ya baba na jambo lake zito nisilolijua, na nilipokuwa bado nafikiri mwalimu akasema, "Hakuna? Haya. Kisiki cha nyuma ya jiko. Kila jioni mpaka kitoke."

Kisiki kile kilikuwa kimewashinda watu wazima. Mkia alikichimba wiki mbili. Alirudi bwenini viganja vimechubuka, akawa anashika kijiko kwa ncha za vidole. Nilimwita Posta.

"Mwambie samahani."

Posta akageuka, akasema, akangoja. Alingoja sana, kisha akanigeukia akiwa na aibu, kama aliyerudisha barua isiyopokelewa.

"Kumi na Tano hana jibu," akasema.

Jumamosi iliyofuata nililikuta shati langu kwenye jiwe lilelile nilipoliacha, kavu na chafu.

Siku ya wazazi walikuja wote, mama katikati, baba na mjomba huku na huku. Tulikaa mezani, kwenye mabenchi ya nje ya bwalo. Mama alikuwa anapakua chakula na kupeleka salamu kushoto na kulia. Mkia alikaa upande wa baba yake, mikono ameificha mapajani. Nikaona kama sitauliza leo, nitapasuka.

"Baba, Kumi na Nne na Kumi na Tano waligombania nini?"

Baba akaacha kutafuna. Mjomba naye. Sijapata kuwaona wakifanya kitu kimoja kwa pamoja.

"Bado ipo?" baba akauliza.

"Ipo. Mlianza ninyi?"

"Mimi nilikuta," baba akasema. "Siku ya kwanza tu nikaambiwa huyo usimsemeshe. Nikajua amemkosea mtu wa kabla yangu."

"Mimi pia nilikuta," mjomba akasema, akimwambia mama.

"Na mlipomaliza shule?" Sauti yangu ilipanda mpaka watu wa mabenchi ya jirani wakageuka. "Mlipotoka getini, mbona hamkuacha?"

Mjomba akakuna shavu.

"Hakuna aliyetuambia tuache," akasema.

"Nilidhani yeye ataanza," baba akasema.

Mama alibaki na upawa hewani. Miaka ishirini na mbili amebeba chumvi na salamu na habari za misiba, na kumbe hapakuwa na mbuzi, wala mpaka, wala mwanamke. Sijui kama alitaka kucheka au kuwapiga na ule upawa. Nadhani naye hakujua.

Kisha baba akainuka, akazunguka benchi, akasimama mbele ya mjomba.

"Shemeji," akasema, "sogea kidogo nikae."

Mjomba akasogea. Baba akakaa. Mama aliweka upawa chini akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na mimi moyo ulinifunguka wote. Ilikuwa rahisi hivyo. Bati na lioze, bweni zima na ligeuze mgongo.

"Mkia!" nikaita. "Mkia, njoo tukae huku!"

Hakuja. Alitoa mikono mapajani akaiweka mezani, viganja juu, na mama akashtuka kuona zile ngozi. Hakunitazama. Alimgeukia mjomba, akasema polepole kwa adabu, kama tulivyofundishwa.

"Baba, mwambie Kumi na Nne kwamba wao hawakuwa na sababu. Mimi ninayo."

Mjomba akanigeukia. Mdomo wake ulifunguka na kufumba, na nikaona hajui kama anifikishie au asinifikishie.