Springi za Kubebea Mimbari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi kulikuwa na rasharasha, na upepo wa baridi ulipita chini ya mlango wa duka la vipuri, pale tulipokuwa tumesimama sisi wanakamati wa kwaya, kila mmoja akijifanya anajua springi ni nini.

Kwaya yetu ina gari kubwa, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na trela la kubebea vyombo. Tatizo lilikuwa moja. Kila tulipofunga trela, gari lilikaa matako chini na kuinua pua, hata taa zake zikawa zinamulika majani ya miti na kuiacha barabara gizani. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumealikwa kuimba ng'ambo ya mteremko mkubwa, na dereva wetu alikuwa amekwisha kusema kwamba hateremki gari likiwa hivyo.

Dereva ni mdogo wangu. Wazazi walipotutoka nilimbeba mgongoni, nikamlisha, nikamchapa, nikamsomesha. Kwa hiyo aliponiambia jikoni kwangu, "Dada, usukani unakuwa mwepesi kama sufuria tupu, magurudumu ya mbele hayashiki chini, kwenye kona litanipeleka linakotaka lenyewe," nilizima jiko, nikakaa kumsikiliza.

Chanzo cha gari kuinama kilijulikana na kila mtu, ila hakuna aliyekuwa tayari kukijua. Ilikuwa mimbari ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kwaya aliitoa mwenyewe kuwa sadaka. Ni mti mgumu mtupu, imechongwa nakshi kutoka juu mpaka chini, na mbele ina kibao cha shaba chenye jina lake kwa herufi kubwa kuliko zilizoandikwa juu ya msalaba. Wanaume wazima huinyanyua wakiguna. Naye alikwisha kuagiza ikae mbele kabisa kwenye trela, isimame wima, ili tukiingia kwa wenyeji iwe ndiyo kitu cha kwanza wanachokiona. Basi uzito wote ule ulilalia mkia wa gari. Kumwambia Mwenyekiti asogeze mimbari yake hakuna aliyethubutu. Ndipo tukaona ni heri tununue springi.

"Karibuni, watumishi!" alisema muuza vipuri. Huvaa koti jeupe, na mtaa mzima humwita Daktari. "Mgonjwa anaumwa wapi?"

"Nyuma," Mwenyekiti alijibu. "Gari letu lina unyenyekevu uliopita kiasi."

Tukacheka. Haikuchekesha, lakini alikuwa Mwenyekiti.

"Na trela lina uzito gani?"

Mama Soprano, kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye hunong'ona kwa nguvu kuliko wengine wanavyopiga kelele, alisema, "Si zito jamani! Spika, nyaya, jenereta, na hizi sare zetu."

"Na kile kitu kingine," mdogo wangu akasema.

"Kitu gani?" Mwenyekiti aliuliza bila kugeuza shingo.

"Mimbari, Mzee."

"Mimbari si mzigo, kijana. Mimbari ni huduma."

"Basi hiyo tusiihesabu," Daktari alisema haraka. Alijua kumvisha mtu kilemba cha ukoka yule bwana.

Mdogo wangu hakukata tamaa. Alieleza taratibu, kama anavyoongea na watoto wake. Kwanza trela likapimwe likiwa na vyombo vyote, kwa sababu springi hainunuliwi kwa kukisia. Pili, mimbari irudishwe katikati, juu ya ekseli ya trela, na ilazwe. Baada ya hapo, gari lifungwe springi za nyuma zenye bamba moja la ziada. Basi.

"Ilazwe?" Mama Soprano alishika kifua. "Ilazwe kama maiti?"

"Kama mzigo, mama."

"Umesikia anavyosema? Mzigo!"

Daktari alileta zile springi za nyuma. Zilikuwa mabamba meusi, yamepakwa grisi, mabaya kutazama. Mwenyekiti alizitazama kama mtu aliyeletewa chakula chenye nywele. Daktari akaleta mifuko ya hewa, ya mpira, ambayo hujazwa upepo kusaidia springi trela likiwa zito. Mwenyekiti akasema hatuwezi kutegemea mapulizo. Ndipo Daktari akatoa sandukuni shokamzoba nyekundu zinazong'aa, kila moja nene kama paja la mtoto.

"Ah!" alisema Mwenyekiti.

"Ah!" tulisema kamati.

"Hizo zinabeba?" mdogo wangu akauliza.

"Zinatuliza," Daktari akajibu.

"Kutuliza ni kuzuia gari lisirukeruke. Nauliza kubeba. Zinabeba?"

"Kijana, mnunuzi ni wewe au ni mzee wangu hapa?"

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuipakata moja. "Na kuna kitu cha kunyanyua upande wa mbele?" aliuliza. "Nimeona magari ya wakubwa. Yamesimama mbele. Yana heshima."

"Kipo, mzee wangu, kwa nini kisiwepo? Springi ndefu za mbele. Gari litatazama watu kutoka juu."

"Mzee," mdogo wangu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka, "pua tayari iko juu. Shida yetu iko nyuma."

"Ndiyo maana tunaiimarisha huko huko juu," Mwenyekiti alisema. "Kiongozi hatazami chini."

Nilifumba macho pale pale kati ya mafuta ya breki na mikanda ya injini, nikamwomba Mungu anipe ujasiri wa kusema. Nilipata kikohozi. Mama Soprano akanipa pipi ya mnanaa, na nilipomaliza kuimumunya Mwenyekiti alikuwa amekwisha kulipa.

Nje, rasharasha ikiwa imekatika, mdogo wangu alisema kwa adabu kwamba kwa springi hizo hatoendesha.

"Imani yako imepungua kuliko mafuta ya lile gari," Mwenyekiti alimwambia. "Haidhuru. Mpwa wangu ana leseni mpya kabisa. Ufunguo nitampa yeye."

Mpwa huyo tunamfahamu wote. Aliwahi kugonga lango la kanisa akiwa anarudi nyuma, na lango lilikuwa mbele. Mdogo wangu alinitazama mimi, akamtazama Mama Soprano na waimbaji wa sauti ya alto waliokuwa wakisubiri kibarazani na mikoba yao. Akanyoosha mkono kupokea ufunguo, shingo upande.

"Kwa nini umekubali?" nilimuuliza tulipobaki wawili.

"Nikikataa ataendesha yule. Na wewe dada utakuwa kiti cha nyuma."

Jumamosi ya safari ilifika. Gari lilikuwa limeng'arishwa. Likiwa peke yake lilisimama mbele kwa majivuno hasa, na shokamzoba nyekundu zilionekana kwa mtu yeyote aliyekuwa tayari kuinama. Trela lilipofungwa na mimbari kusimamishwa mahali pake pa heshima, nyuma ikaenda chini pale pale ilipozoea kwenda. Ila sasa pua ilikuwa juu maradufu. Kutoka kiti cha nyuma niliona mawingu.

"Mmeona tofauti?" Mwenyekiti alisema, akipanda kiti cha mbele.

"Tumeona!" tulijibu, na kwa kweli tulikuwa tumeona.

Kabla ya kuondoka tuliomba. Mimi naamini maombi. Ndiyo mkate wangu, na sijawahi kulala wala kuamka bila hayo. Lakini asubuhi ile Mwenyekiti aliziombea springi, akaziombea shokamzoba, akaikemea kila kona ya mteremko, na mimi nikafumbua jicho moja. Nilimkuta naye amefumbua lake, anaangalia kama mimbari imefungwa wima. Nikafumba tena haraka. Niliona haya mbele za Mungu, kwa sababu tulikuwa tumemwita Mwenyezi aje afanye kazi ya mabamba meusi ambayo tuliyakataa dukani kwa sababu yana grisi.

Barabara ya tambarare haikuwa na neno. Mama Soprano alianzisha wimbo, nasi tukaitikia. Mdogo wangu hakuimba. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye usukani, na shingoni mshipa umesimama. Tulipoanza kuteremka aliweka gia ndogo na kwenda polepole sana, hata Mwenyekiti akaanza kugonga dashibodi kwa kidole.

"Tutafika wenyeji wamekwisha kula."

"Tutafika, Mzee."

"Ongeza kidogo, bwana. Gari limefungwa vitu vipya hili!"

Mdogo wangu hakuongeza. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Kwa maana kona ya pili, ile inayokata kushoto ukingoni mwa bonde, alizungusha usukani na gari halikuzunguka. Niliona kwa macho yangu. Mikono yake ilikwenda kushoto, na sisi tukaenda mbele moja kwa moja, taratibu, bila kelele, trela likitusukuma kwa nyuma kama mtu anayesukuma mkokoteni sokoni. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mafundi wa barabara walikuwa wamemwaga rundo la kokoto pembeni ya kona, kabla tu ya ukingo. Mdogo wangu aliliona, akaacha kupigania kona, akakanyaga breki na kulinyoosha gari huko kwa nguvu zake zote, na pua yetu yenye heshima ikazama kokotoni. Tukasimama.

Katika muda ule wote Mwenyekiti alitamka neno moja tu. Hakumwita Bwana. Alimwita mama yake, ambaye tulikwisha kumzika.

Hakuna aliyeumia. Alto mmoja alikuwa analia, Mama Soprano alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zimeingia. Mdogo wangu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, mgongo umejikunja, mgongo ule ule niliokuwa nikiupapasa alale. Nikaweka mkono wangu hapo. Mwenyekiti naye alikuwa amekwisha kufungua mlango na kukimbia. Nilidhani anakwenda kuita msaada. Alikwenda kuitazama mimbari.

"Haina hata mkwaruzo!" alitupigia kelele kwa furaha. "Haina hata mkwaruzo, jamani!"

Tulirudi nyumbani bila kuimba.

Jumapili, baada ya matangazo, Mwenyekiti aliomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Mimbari ilikuwa imesharudishwa mahali pake, akasimama nyuma yake na kuishika pande zote mbili.

"Wapendwa, jana adui alitaka kuivunja mimbari hii."

"Ameshindwa!" watu wakaitikia.

"Springi zetu mpya zilisimama imara!"

"Amina!"

"Lakini kulikuwa na mlango." Alishusha sauti. "Mashaka ya mtu mmoja yalifungua mlango. Dereva wetu aliingia safarini na moyo wa woga tangu dukani, na mashahidi wapo. Wenyeji wetu ni watu wema, wametualika tena Jumamosi ijayo. Kwa hiyo namwomba kijana aje hapa mbele, aombe radhi, tumwombee, halafu twende kama tulivyopanga. Gari ni lile lile. Mimbari ni ile ile. Kibadilike kitu kimoja tu, moyo wake."

Watu walipiga makofi. Mdogo wangu alisimama. Aliikunja kofia yake mkononi na kuanza kutembea kwenda mbele, na nilijua anakwenda kuomba radhi kweli, kwa sababu ile ile iliyomfanya apokee ufunguo.

Sikuomba ujasiri safari hii. Sikuwa na nafasi. Nilijikuta nimesimama katikati ya njia, na yeye nyuma yangu.

"Dada, kaa, tafadhali," Mwenyekiti alisema. "Tunamhitaji kijana."

"Kijana ametuokoa, Mwenyekiti. Wewe ulikuwa unamwita mama yako."

Mtu mmoja upande wa besi alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Hapa tunazungumza mambo ya kiroho, dada yangu."

"Tunazungumza mimbari iliyowekwa mbele kwa sababu ina jina lako. Mama Soprano, nasema uongo?"

Mama Soprano alitazama viatu vyake. Kisha alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona kwa kweli, "Usukani ulizungushwa. Gari halikuzunguka. Niliona."

Mwenyekiti alipitisha mkono mbele ya mimbari, akapapasa kile kibao cha shaba kwa vidole. Mdogo wangu alinivuta nguo nyuma. "Dada, basi," alisema. "Basi, inatosha."

"Haijatosha. Sikilizeni wote, mzee kwa mtoto, nanyi mtakuwa mashahidi wangu. Naahidi mbele yenu, na mbele za Mungu: huyu hatalivuta tena trela lile mpaka lipimwe, mpaka mimbari ilazwe katikati, na mpaka gari lifungwe zile springi nyeusi za nyuma mlizozikataa. Na siku mtakapompa mtu mwingine ufunguo, nitatandika mkeka wangu barabarani mbele ya magurudumu, nitapiga magoti hapo, nitaomba kwa sauti. Na mnanijua. Mimi nikianza kuomba, simalizi upesi."