Pampu ya Mwalimu Micah

Mama Jerotich alipompigia simu amsindikize kuchagua pampu ya maji ya gari lao, Wamalwa alitaka kumwambia ana kazi nyingi. Uongo huo alishautumia mara tatu tangu Krismasi. Lakini safari hii mama aliongeza, "Fundi, hiyo injini siwezi kumwachia mtu mwingine," na Wamalwa akajikuta ameitikia.

Walikutana asubuhi mbele ya duka la spea la Owino, mjini Nakuru. Mama Jerotich akamsalimia kwa mkono wa kushoto.

"Usiudhike, fundi. Huu wa kulia siku hizi haushiki."

Alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu, ila shingo haikufichika. Ngozi ya pale ilikuwa imekunjamana na kung'aa kama nailoni iliyopitiwa na moto. Wamalwa aliutazama mlango wa duka.

Gari lenyewe lilikuwa lori la Bedford la mwaka wa sabini na mbili, lililojengewa nyumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, sinki, na mapazia ya maua. Mume wa Mama Jerotich, Mwalimu Micah Kigen, alilinunua alipostaafu baada ya kufundisha jiografia miaka thelathini. Majirani wa Njoro walimcheka, mtu ana nyumba ya mawe na bado anataka kulala barabarani, lakini yeye na mkewe Linah walizunguka nalo Baringo, Kericho, mpaka Cherangani. Kila safari ilianzia kwa Wamalwa. Yeye ndiye aliyeijua injini ile kama mtu anavyolijua jino lake bovu.

Halafu mwaka jana pampu ya maji ikaanza kuvuja. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi walikuwa na harusi Elburgon. Owino alimwekea Wamalwa pampu mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya injini ile kabisa, lakini beringi yake ilitaka kubadilishwa, kazi ya wiki nzima. Ya pili ilikuwa mpya, matundu ya bolti yakilingana, ila ilitengenezewa injini nyingine. "Ngoja wiki, boss," Owino alisema. Wamalwa hakungoja. Alishamwahidi Mwalimu, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba Wamalwa hashindwi na gari.

Hata hivyo alipima. Alikanda kidonge cha unga wa chapati, akakibandika kwenye feni ya pampu, akaifunga pampu mahali pake, kisha akaifungua. Unga uliobanwa kati ya feni na ukuta wa injini ulipaswa kutoka mwembamba kama karatasi. Ulitoka mnene, milimita nne na zaidi. Maana yake feni ilikuwa fupi na haingesukuma maji ya kutosha gari likipanda mlima. Aliutazama unga ule, akaupangusa kwa kitambaa, akafunga bolti. Itafanya, alijiambia.

Haikufanya. Kwenye mlima wa Elburgon maji yalichemka. Mwalimu alikwenda nyuma kuleta mtungi wa maji, akamwambia mkewe, "Fungua kifuniko cha rejeta, kidogo tu." Linah akakifungua.

Sasa Owino alileta pampu mbili tena, akazipanga mezani. "Hii ndiyo ulichukua mwaka jana, boss. Ilikaa aje?"

"Ilikaa," Wamalwa alijibu.

Mama Jerotich aliinyanyua ileile kwa mkono wa kushoto. "Basi tuchukue kama hii. Yetu inavuja tu kwa sababu gari limesimama mwaka mzima. Pampu haikuwa na makosa. Makosa yalikuwa yetu."

Wamalwa aliipokea, akairudisha mezani. Alichukua ile nyingine, akaizungusha kwa kidole akisikiliza beringi, akapima urefu wa feni, akapima tena ingawa alishaona. Safari hii ilikuwa imeshatengenezwa, tayari kufungwa.

"Hii ni bora," alisema.

"Kwani ile ilikuwa na shida?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Neno moja tu lingetosha.

"Hapana, mama. Hii ni bora tu."

Walipanda pikapu ya Wamalwa kuelekea Njoro. Mashamba ya ngano yalikuwa yameshavunwa, ng'ombe wakitafuta masalio kati ya mabua. Mama Jerotich aliipakata pampu.

"Nataka gari liamke kwa ajili yake," alisema. "Mimi nimeshazoea mkono huu. Yeye ndiye hajapona. Ananikatia nyama kwa sahani, ananifunga vifungo, lakini hanitazami usoni. Alihamia chumba cha binti yetu Jerotich. Juzi nimemsikia akiomba, fundi, mtu mzima anamwambia Mungu, 'Mimi ndiye nilimwambia afungue.' Mwaka mzima ombi ni hilohilo."

Wamalwa aliendesha. Alikuwa amejiambia kwamba kifuniko hakifunguliwi rejeta ikiwa moto, kila dereva anajua, kwa hiyo kosa si la pampu peke yake. Maneno hayo yalikuwa yamemlinda tangu siku ya ajali. Sasa aliyatafuta akayakuta mepesi kama pumba.

Nyumbani, Mwalimu Micah alitoka akasimama barazani, mikono mgongoni. Alikuwa amekonda. "Karibu, fundi," alisema, na hakusogea karibu na gari.

Wamalwa alifungua pampu ya zamani. Alimwomba mama unga kidogo uliokandwa. Mama alimletea bila kuuliza. Alifunga pampu mpya, akaifungua, na unga ukatoka mwembamba, karibu uone kidole upande wa pili. Kazi ilikuwa sawa. Angeweza kuimaliza, anawe mikono, anywe chai, aende zake, na gari lingepanda kila mlima.

Lakini mikono yake ilichukua pampu ya zamani. Aliibandika unga uliobaki, akaifunga, akaifungua.

"Mwalimu," aliita. "Njoo uone kitu."

Micah alikuja polepole. Linah akatoka jikoni.

"Huu ni unga wa pampu ya leo. Huu ni wa ile niliyokufungia mwaka jana." Aliviweka vipande vyote viwili kiganjani. "Feni yake ilikuwa fupi. Ingechemka tu kwa mlima, hata ungeendesha namna gani. Na nilijua, Mwalimu. Nilipima hivihivi, nikaona, nikapangusa. Nilitaka muwahi harusi. Nilitaka msiseme Wamalwa ameshindwa."

Micah aliushika ule unga mnene. Aliugeuza kama anasahihisha daftari la mwanafunzi.

"Kwa hiyo ilikuwa ichemke," alisema.

"Ilikuwa ichemke."

"Si kwa sababu nililiendesha vibaya."

"Hapana, Mwalimu."

"Lakini kifuniko, mimi ndiye..." Hakumaliza. Aliketi kwenye ngazi ya gari, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Linah alikwenda akasimama mbele yake, akamzungushia kichwa mkono wake ule usioshika, akakiegemeza tumboni pake. Walikaa hivyo. Wamalwa hakujua aangalie wapi.

Hatimaye Linah aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mkono ningekusamehe leo," alisema. "Binadamu anakosea. Lakini ulikuja hospitali na machungwa. Ulimsikia akijilaumu pale kando ya kitanda changu, ukamshika bega, ukamwambia, 'Pole, Mwalimu, hutokea.' Ukamwacha abebe mzigo wako mwaka mzima."

"Ni kweli, mama."

"Hata leo kwa Owino nilikuuliza."

"Ni kweli."

"Funga hizo bolti. Ukimaliza, uende."

Alizifunga. Alizikaza moja baada ya nyingine, akajaza maji, akawasha injini, akaiacha ingurume hadi mshale wa joto ukasimama mahali pake. Aliangalia kama kuna tone linalovuja, na hapakuwa na tone. Hakuna aliyemletea chai. Alipofika kwenye geti Mwalimu alimfuata, akampa mkono, kisha akarudi ndani.

Mwezi uliofuata Micah alipiga simu kutoka Kabazi, nyumbani kwa Jerotich. Alisema wamefika salama na mshale haukusogea. Alisema pia wamelala humo garini, wote wawili, na mvua ilinyesha. Wamalwa alishukuru. Aliuliza kama mama angekubali kuongea naye kidogo. Alisikia sauti ya Linah, karibu kabisa na simu.

"Amesema bado," Micah alisema.

"Sawa, Mwalimu."

Akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Mwenye lori alikuwa ameshauliza mara mbili kama litakuwa tayari kesho. Wamalwa alimwambia hapana, spea inayofaa haijafika, na arudi baada ya wiki.