Tochi Yangu, Jina la Yotham

Nilipofika kwenye maonyesho ya wabunifu hapa kwetu Nkuhungu, nilikuta tochi yangu niliyoiandikisha jana yake iko mezani na kadi mbele yake: TOCHI YA KUZUNGUSHA. MBUNIFU: FUNDI YOTHAM.

Nikasoma mara ya pili. Darasa la saba nilimaliza, kusoma najua.

"We Yasinta," nikamwita binti aliyekuwa akiandikisha, "hii tochi ni ya nani?"

"Shikamoo bibi. Si ulisema vifaa umevitoa kwa fundi Yotham, kule Kizota? Nikajua ndiye kakutengenezea."

"Marahaba. Kwani ukinunua unga kwa Mangi, ugali kasonga Mangi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa Yotham niliokota deki mbovu ya CD aliyoitupa nyuma ya kibanda chake, basi. Nikaifungua mwenyewe, nikatoa ile mota ndogo inayosukuma sahani nje, pamoja na meno yake ya plastiki. Taa nikaing'oa kwenye tochi ya Kichina iliyokufa betri. Mpini ni spoki ya baiskeli. Nyaya nimeziunga kwa risasi niliyoiyeyusha kwa msumari niliouchoma kwenye jiko la mkaa, vidole viwili vikaungua. Majuma mawili! Halafu Yotham.

Na mwenyewe alikuwepo, kapiga pasi shati, anapokea pongezi. "Mama Zipora, usikasirike bwana. Tochi ni yetu sote."

"Yetu? Haya, iwashe."

Akaishika, akazungusha. Taa kimya. Akazungusha kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Kimya vilevile.

"Imekufa njiani," akasema, akiirudisha mezani. "Si mnajua vitu vya kina mama."

Ahaa! Ilipokuwa ya kupongezwa ilikuwa yake, ilipogoma ikawa ya kina mama. Damu ilinichemka, wajukuu zangu, nikaona nisipotega kitendawili nitatukana.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika hata wasionijua.

"Nyumba yangu mlango mmoja. Wageni wote wanausukuma, mwenye nyumba anauvuta."

Yotham akakuna kichwa. "Nimeshindwa, mama. Nakupa mji. Chukua Dodoma nzima."

"Dodoma niipeleke wapi? Nipe hiyo kadi."

Watu wakapiga kelele, "Mpe! Mpe!" Akanipa.

"Jibu ni tochi hii." Nikaishika kwa mkono wa kulia, nikazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, kuelekea kushoto. Nikammulika usoni, akafumba macho. Taa hizi ndogo hupokea umeme wa upande mmoja tu, na mimi ni mtu wa shoto. Nyaya niliziunga zifuate mkono wangu. Mkono huuhuu mwalimu wa darasa la pili aliuchapa rula mpaka nikauficha, nikaandika kwa kulia kama kuku anayeparura.

"Ungesema tu kwamba inageuzwa kushoto," Yotham akanung'unika.

"Nikuambie mimi? Mbunifu si wewe?"

Yasinta aliona haya, maskini, hata nikamhurumia. "Nisamehe, bibi. Lete kadi nikuandikie jina."

"Lete kalamu."

Nikamkata Yotham mistari miwili. Chini yake nikaandika jina langu kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, bila haraka. Wakasubiri wote mpaka nilipomaliza.