Mabakuli Manne ya Maji

Keki ya kwanza ilipofika kwa mteja imeegemea upande, Mama Mapacha aliomba radhi, akarudi nyumbani akalaumu krimu. Ya pili akalaumu joto. Ya tatu ilikuwa ya harusi, ghorofa tatu, na boksi lilipofunguliwa, ghorofa ya juu ilikuwa imelala kushoto kama abiria aliyepitiwa na usingizi. Bibi harusi aliitazama tu, na kutazama kule kulimuuma mwokaji kuliko matusi.

Mama Mapacha alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile, na jikoni mwake hakuna kilichofanyika kwa kubahatisha. Hata chumvi aliipima kwa mizani. Aliporudi alikaa akatafuta picha za keki zote tatu kwenye simu. Zote zililala upande uleule.

"Baba Mapacha, hebu njoo utazame."

Mumewe, mwalimu wa hisabati, alikuja na kalamu nyekundu mkononi. "Ni mwendo wako huo, mke wangu. Unaendesha kama mtu anayefukuzwa."

"Mwendo wangu ungeilaza mbele, nikifunga breki. Kwa nini kushoto?"

Mwalimu akarudi kwenye madaftari yake.

Asubuhi yake Mama Mapacha alichukua mabakuli manne yanayolingana, akayajaza maji hadi alama moja. Moja aliliweka ndani ya gari, mbele, miguuni pa kiti cha abiria. La pili nyuma ya kiti chake. Mawili kwenye buti anamobebea keki, kulia na kushoto. Akaenda hadi barabara kuu na kurudi, taratibu, akivuka matuta yote sita. Jirani aliyemwona akifungua buti na kuchungulia bakuli kwa rula alimuuliza kama kuna samaki.

"Bado," alijibu.

Mabakuli matatu yalikuwa yamepungua kidogo tu. Lile la buti, kushoto, lilibaki na maji ya kulowesha kidole. Akayajaza upya na kuyabadilisha nafasi, asije akalisingizia bakuli. Matokeo yakawa yaleyale: kushoto, nyuma.

Fundi wao alikuwa mtu mzima mwenye karakana ndogo ya mabati, na watu walimwita Polepole kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbilia spana. Alikisoma mara mbili kikaratasi cha vipimo alicholetewa na Mama Mapacha.

"Wateja wangu huniambia gari linalia, basi," alisema. "Wewe umeniletea utafiti."

Akaenda nyuma ya gari, akakandamiza pembe ya kulia kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likatulia. Kisha akafanya vilevile kushoto. "Hesabu, dada."

Likapanda, likashuka, likapanda tena. Mama Mapacha alihesabu hadi nne.

Polepole akamwonyesha tairi la upande ule. Lilikuwa limelika kwa viraka, hapa limeisha, hapa bado zima, kama mkate uliotafunwa na panya. Kisha akainama na tochi. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na bomba nene lililoloa mafuta, na vumbi limegandia juu yake.

"Hii ndiyo shokapu. Springi inabeba gari, na hii inaituliza springi. Ikichoka, springi inacheza inavyotaka, na kilicho juu yake kinacheza nayo."

"Ile ya kulia nzima?"

"Nzima kiasi. Lakini tunabadilisha zote mbili. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litakuwa kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja."

Aliinua gari kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma chini yake kabla hajaingiza hata mkono. Bolti ya chini kushoto ilikuwa imeshikwa na kutu. Alipuliza mafuta ya kulainisha, akavuta kiti, akakaa.

"Sasa?" aliuliza Mama Mapacha.

"Sasa tunasubiri."

Katika kusubiri huko maswali yalimtoka mfululizo. Mafuta yalivujaje? Mbona kushoto tu? Polepole alimgeuzia swali: "Nyumbani mnaingiaje?"

Akaeleza kwamba mbele ya geti kuna mtaro. Yeye husimama kwanza. Lakini mwalimu huogopa kugusa nguzo ya kulia, kwa hiyo hujisogeza kushoto, na gurudumu la nyuma upande huo hutumbukia kwenye... Hakuimalizia sentensi. Polepole naye alipata shughuli ya ghafla ya kupangusa spana.

Bolti ilikubali mwishowe. Mpya zilipoingia, fundi hakuzikaza nati za mwisho hadi gari liliposhushwa likakaa kwa uzito wake, ili mipira ya kwenye maungio isijikunje. Wakazunguka mtaa. Kwenye tuta, nyuma ilishuka mara moja, ikainuka, ikanyamaza.

Mama Mapacha angeweza kwenda zake. Badala yake aliokota ile shokapu iliyovuja, akaisukuma fimbo yake ndani. Iliingia bila ubishi na kubaki humohumo. Ile nyingine ilimpinga, kisha ikarudi yenyewe, kwa kiburi.

"Ndani kuna nini, fundi?"

Polepole alifikiri. "Nimefungua na kufunga hizi miaka ishirini na mbili. Ndani sijawahi kuona."

Wakatazamana. Fundi akavaa miwani ya kazi, akampa mwenzake nyingine, akaibana shokapu iliyovuja kwenye jiliwa. Kwanza alitoboa kitundu ili hewa iliyobanwa itoke, akamwaga mafuta meusi kwenye kopo, ndipo akawasha grenda na kuikata.

Mwalimu alipofika kwa miguu kutoka shuleni, aliwakuta wawili hao wamepiga magoti juu ya gazeti.

"Gari limepona?" aliuliza.

"Limepona. Ya getini tutaongea baadaye. Piga magoti kwanza."

Akapiga. Mkewe alimwonyesha kisahani cha chuma kwenye ncha ya fimbo, kimetobolewa vitundu vidogo kama vya kifungo cha shati. Mafuta hulazimika kupenya humo, alisema, na ndiyo maana gari huwa halirukaruki.

Mwalimu alikigeuza kisahani kwenye mwanga. "Vitundu vina upana gani?" aliuliza.

Polepole akasimama kwenda kutafuta kipimo, na safari hii alitembea haraka.