Makofi Mawili kwenye Buti

Begi lilikuwa tayari kwenye buti la gari la mwanawe, na bado mama wa mgahawa hakuwa na uhakika kama kweli anaondoka. Maisha yake yote ya ndoa yalipita kwenye kituo hiki cha mafuta cha barabara kuu. Marehemu mumewe alijaza magari mafuta, yeye akachemsha chai. Mume akishafunga kifuniko cha tanki, alipiga buti makofi mawili, pa! pa!, na dereva akajua mambo tayari, akatia gia. Hakuna aliyeondoka bila makofi yale.

Sasa pampu imeng'olewa. Mahali pake zimesimama mashine mbili za kuchajia magari ya umeme, kimya kama wageni wasiojua salamu. Mama alizichukia tangu siku ya kwanza.

"Gari likijaa chaji tunaondoka, Mama," mwanawe alisema huku akichomeka waya. "Utabaki hapa na nani? Baba hayupo, pampu haipo."

"Gari lenyewe linakula kwa madaha kama wewe ulipokuwa mdogo," alimjibu, akaingia ndani kuosha vikombe.

Mara gari la familia moja likaingia, likachomekwa kwenye mashine ya pili. Watu wakashuka, wakanyoosha miguu, wakachungulia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Chai ipo?"

Ilibidi awashe jiko tena. Zamani wasafiri walikunywa wamesimama, jicho kwenye pampu, wakaacha vikombe nusu, na mumewe akalalamika kwamba dunia ina haraka ya bure. Hawa walikaa. Walimaliza, wakaomba nyingine. Bibi yao akavua na viatu. Laiti mumewe angewaona!

Gari lao lilipojaa, mwanawe alimsaidia dereva kuchomoa waya. Akafunga kifuniko. Kisha, bila hata kuwaza, akapiga buti: pa! pa!

Gari likaondoka. Mwanawe akabaki anautazama mkono wake. Mama alikuwa mlangoni, birika mkononi.

"Si ulisema Baba hayupo?" alimwambia. "Nitolee begi langu."

Mwanawe alilitoa, akafunga buti taratibu, asilipige kofi hata moja.