Mchezo wa Gunia

Siku bwana afisa alipoingia buchani kwetu, mume wangu Idrisi alikuwa amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, gunia la chumvi limemfunika kichwa mpaka mabegani, na watu kumi na wawili wamepanga foleni mbele yake wakijikaza wasicheke. Mimi nilikuwa mlangoni nakoroga supu ya kichwa cha mbuzi. Niliiona Landrova ikisimama. Kabla sijapata sauti, Idrisi alikuwa ameshamwelekea mama mmoja wa Kianjokoma, akainamisha kichwa polepole, mara moja, kisha akatangaza kwamba huyu amekula kiapo cha maini, apelekwe kambini akachujwe.

Watu walicheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Idrisi peke yake ndiye hakujua kwa nini.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, mjini Embu, wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha kuipinga. Sisi Waislamu wa Majengo askari hawakutusumbua sana. Lakini wateja wetu walitoka Manyatta na vijiji vya juu, na wao hawakuwa na siku ya kupumua. Lori lilikuwa likishusha askari sokoni, watu wakapangwa, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia, walimwita. Yeye hasemi. Akitulia, umepita. Akiinamisha kichwa, unapandishwa lorini, na wako waliopandishwa ambao mpaka leo wake zao hawajui wamlilie nani. Chini ya gunia anaweza kuwa jirani yako, au shemeji yako, au mtu mliyewahi kugombania mpaka wa shamba.

Idrisi aliuanzisha mchezo wake bila kupanga. Mtu alikuwa analalamika kwamba nyama ina mifupa mingi, naye akaokota gunia, akajifunika, akamwinamishia kichwa. Basi ikawa kila Jumamosi. Aliwahukumu waliochagua nyama sana, waliokuja na mbwa, na mimi mwenyewe kwa kosa la kuzidisha pilipili. Aliigiza kila kitu: jinsi gakunia anavyojikuna kwa siri, jinsi anavyopiga chafya ndani ya gunia akamhukumu mtu kwa bahati mbaya. Hapo kwenye chafya ndipo Mbae aliposhindwa kabisa kujizuia.

Mbae alikuwa mfugaji wa Manyatta aliyetuletea mbuzi. Kaka zake wawili walikuwa kambini, wamewekwa kizuizini. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda kwa mikwaruzo, na kikifika juu ilimbidi akae chini. Nilizoea kumtazama akifuta machozi na kujiuliza ni machozi ya namna gani. Siku hizo niliamini kwamba kitu kikishachekwa hakiwezi tena kutisha. Niliona watu wakiingia buchani wamejikunja na kutoka wamenyooka, nikajiambia mume wangu anafanya kazi kubwa kuliko kuuza nyama.

Sasa afisa alikuwa amesimama ndani, kofia mkononi. Idrisi alivua gunia. Jasho lilimtiririka, na chembe za chumvi zilimganda kwenye ndevu. Nilingoja kofi. Badala yake mzungu yule alimwambia arudie.

Idrisi akarudia. Mikono ya fundi haisahau, na hata chafya ilitoka vizuri. Afisa alicheka kwa sauti mpaka uso ukaiva. Ndambiri, mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa vijijini waliotumikia serikali, aliyekuwa nyuma yake, akacheka kwa kuwa bwana wake amecheka. Wale kumi na wawili wakacheka kwa kuwa Ndambiri anawatazama. Nilikuwa nimesikia vicheko vingi mle ndani, ila siku hiyo niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Juma lililofuata Ndambiri alirudi peke yake. Mtu wao wa gunia alikuwa ameugua. Alisema bwana amekumbuka kwamba mjini yuko mmoja anayejua kazi. Idrisi akamjibu kwamba yeye hajui siri ya mtu yeyote, yeye anajua nyama. Alhamisi afisa mwenyewe akaja, na Kiswahili chake cha shambani.

"Wewe najua kuinamisha kichwa," alisema. "Kesho utainamisha. Kama hapana, kesho kutwa wewe na bibi yako naenda kambi."

Nilikuwa na Hassan mgongoni, ana miezi minane. Idrisi hakula siku hiyo. Alinitazama kama anayeomba nimkataze. Hili nimelibeba miaka yote, na sijapata pa kulitua: sikumkataza. Nilimwambia aende, akae kimya, asimwinamishie mtu yeyote, kisha arudi nyumbani. Nilisema kana kwamba nimevumbua jambo la hekima.

Yaliyotokea Manyatta alinisimulia mara moja tu, na sikumwomba arudie. Walimkalisha kwenye kiti mbele ya Landrova. Wanaume walipita, zaidi ya mia, na yeye alikaza shingo mpaka ikafa ganzi. Hakumwinamishia mtu. Afisa alianza kukasirika. Kisha akaja Mbae.

Mbae alipita akiwa ameinamisha macho, kama walivyofanya wote. Macho yakaangukia mkono uliokuwa juu ya goti, mkono wa kushoto, wenye kidole cha shahada kilichokatwa na shoka la buchani. Akasimama. Akainua uso, akayatazama matundu mawili. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha tumboni, mpaka juu.

Afisa aliuliza mtu huyu anacheka nini. Mbae aliendelea kucheka. Ndambiri akajibu kwa niaba yake, akasema anaicheka serikali. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, wakampandisha lorini.

"Ningeweza kuvua gunia," Idrisi aliniambia. "Mikono yangu ilikuwa huru, Mama Hassan. Hakuna aliyenifunga."

Nilimshika mkono.

Habari zilifika mjini kabla ya jua la pili, maana si Mbae peke yake aliyeujua mkono ule. Kwamba hakuinamisha kichwa, hakuna aliyeamini. Waliona Mbae amesimama mbele yake, wakaona Mbae amechukuliwa. Kwa hesabu ya siku zile hilo lilitosha. Wateja walipita upande wa pili wa barabara. Nyama ilikaa mpaka ikabadilika rangi, tukawapa mbwa. Idrisi alikuja kufungua kila asubuhi vilevile, akasimama nyuma ya meza na aproni safi.

Baada ya miezi miwili ndipo mke wa Mbae alipokuja. Kawira aliingia mchana, akasimama katikati ya bucha tupu. Alikuwa amekonda, miguu myekundu kwa udongo wa handaki walilochimbishwa kando ya msitu. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Mama Hassan, mimi sikuja kugombana," alisema. "Wameniambia yeye alikufa huko kambini, ati ni tumbo. Mimi nataka tu kuuliza huyu baba kitu kimoja."

Idrisi aliweka kisu chini.

"Ni kweli alicheka?"

"Ni kweli."

"Alicheka nini? Watu wote walikuwa wanaogopa. Yeye aliona nini?"

Nilitamani aseme uongo, uongo wowote wenye huruma ndani yake.

"Aliniona mimi," Idrisi alisema. "Alidhani ameokoka."

Kawira aliyapokea maneno hayo bila kubadilika uso. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelekezwa njia, akasema asante, akajifunga kanga vizuri. Lango la kijiji chao lilikuwa likifungwa saa kumi, na mwendo ulikuwa mrefu. Tulimtazama akishuka mpaka kwenye kizuizi cha barabara, akatoa karatasi yake ya ruhusa kifuani, akaenda kusimama nyuma ya wenzake.