Nisiowasalimu

Hapa Kismayu namsalimu kila kiumbe. Namsalimu dereva wa bajaji aliyetaka kunigonga, namsalimu jirani aniibiaye maji, na asubuhi moja nilimsalimu mbuzi, maana mkono ulikuwa umeshapanda. Ila kuna watu nikikutana nao njiani nageuza uso kama sikuwaona. Hao ni wagonjwa wangu.

Mimi ni muuguzi wa saratani ya damu. Si muuguzi wa kushika sinia tu: nilisomea kutibu, kwa hiyo napima, nasoma majibu, naandika dawa, na nikikwama nampigia simu daktari bingwa aliye Nairobi. Mji mzima unaijua kazi yangu, na hapo ndipo penye balaa. Nikisimama sokoni kumuuliza mtu hali, kabla sijamaliza kuulizia watoto mtaa umeshamchimbia kaburi. Basi tumepatana: nje ya kliniki, sianzi salamu. Wao wakianza naitika, kuitika ni wajibu. Wasipoanza tunapishana kama wageni.

Niliuona mpango wa akili sana, mpaka Bi Salme alipokuja kwangu.

Bi Salme ni mzaliwa wa kisiwa cha Chovai. Anakaanga bajia kwenye kona ya soko la samaki, na hakuna kinachopita kona ile asikijue. Mwanawe Badi, fundi wa mashua, alitaka kumposa Safiyya, na kwetu hakuna posa bila kuuliza. Huulizwa jirani, huulizwa mwalimu wa chuo cha Kurani, huulizwa hata muuza maji. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni na sahani ya bajia iliyofunikwa kawa, nilijua amekuja kuuliza.

Na Safiyya ni mgonjwa wangu. Alikuja kwangu amekonda, tumbo limevimba upande mmoja, damu imejaa chembe nyeupe. Bahati yake, saratani yake ni ya aina inayotulizwa kwa kidonge cha kila siku, naye hakikosi. Sasa amenawiri, anasomesha watoto, na majibu ya vipimo vyake nayasoma mara mbili kwa raha tu. Lakini neno saratani likitangulia kufika kwa mamake Badi, nilijua posa imekufa.

"Zuleikha mwanangu," akasema Bi Salme, ambaye kwa lahaja yao mtu ni mchu, "wewe wasalimu kila mchu. Mbona Safiyya humsalimu?"

Nikachukua bajia nyingine. Nikasema hapana neno.

"Pana neno. Si yeye peke yake. Mzee Athmani humsalimu, na Rawda humsalimu. Wachu hawa wana nini?"

Wote hao ni wagonjwa wangu. Nikimwambia siwezi kusema, nimeshasema. Nikikaa kimya, ndiyo mbaya zaidi. Basi nikadanganya.

"Tumegombana."

"Na wote hao?"

"Mimi mgomvi, Bi Salme."

"Hilo nalijua," akasema, akaenda zake.

Nikadhani nimeponyoka. Nilisahau kwamba ukimwambia mwanamke wa visiwani umegombana na mtu, hakuachi hivyo. Anakupatanisha. Ijumaa ikapikwa wali na papa, tukaitwa kwake, mimi na Safiyya.

Nilimpigia Safiyya simu mapema kumweleza uongo wangu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia Badi anajua tangu mwanzo, na ndiye aliyeahidi kumwambia mamake, ila kila siku husema kesho. Mwanamume anashinda na shoka na misumari, mbele ya mamake anakuwa kifaranga. Nikamkasirikia kweli.

Bi Salme alitukalisha magoti yakigusana.

"Haye," akasema. "Kila mchu aseme kosa la mwenziwe, kisha msameheane."

Nikaanza mimi. Nikasema Safiyya aliazima sufuria yangu kubwa asiirudishe. Nikaipamba ile sufuria, nikaitia na mfuniko, nikataja na siku ya arusi nilipoihitaji nikaikosa. Safiyya alinitazama kwa huruma.

"Sikuazima sufuria," akasema taratibu. "Na hatujagombana, Bi Salme. Dada Zuleikha ananitibu. Nina saratani ya damu. Hanisalimu njiani kwa kunisitiri, na mimi ndiye niliyemwomba. Badi anajua. Sitaki kuingia nyumba yako kwa uongo wa sufuria."

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ninazongoja majibu ya maabara, na moyoni nikawa namlaani Badi na kujilaani mwenyewe. Bi Salme aliisukuma kando sahani ya wali. Kisha akanigeukia.

"Ataishi?"

Nikamtazama Safiyya. Akaitikia kwa kichwa, ndipo nikajibu.

"Akimeza dawa na kuja kupimwa, sioni kwa nini asizeeke."

"Na watoto?"

"Dawa yake haipatani na mimba. Damu ikitulia vya kutosha, na daktari akikubali, dawa huweza kusimamishwa kwa muda. Ni jambo la kungoja, na sikupi ahadi." Nilitamani kumpa jibu tamu zaidi, lakini uongo wangu mmoja ulikuwa umetosha.

Bi Salme akauchukua mkono wa Safiyya, akaulaza mapajani mwake.

"Mimi nimezaa wanaume watupu," akasema. "Ndugu zangu wa kike walikimbia vita, mmoja yuko Mombasa, mwengine yuko Ulaya kwenye baridi. Siku yangu ikifika, sina mwanamke wangu wa kuniosha. Watakuja wachu baki, Mungu awalipe, lakini ni baki. Unadhani natafuta mkwe wa kunipikia? Kupika najua. Natafuta wa kunishika siku ile bila kuniogopa, na wewe umeushika ugonjwa ulio mkubwa kuliko maiti yangu."

Safiyya akauweka mkono wake wa pili juu ya ule.

"Badi nitamsema mwenyewe, na atanisikia. Wewe nakuomba moja tu, mwanangu. Meza dawa zako, uniache mimi nitangulie."

"Inshallah, mama," akasema Safiyya. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, na mimi nikalia bila haya.